Supu Iliyopanda Mlima Kinyumenyume

Hapa kwetu Skardlia kuna watu wawili tu ambao hawajawahi kukwama kwenye theluji. Wa kwanza ni marehemu mwenyekiti wetu, ambaye hakuwa na gari. Wa pili ni shemeji yangu Asgaut, kwa sababu yeye ndiye anayesimulia.

Asgaut amemwoa dada yangu Ragnfrid. Ni mtu mwema, msije mkadhani namchukia. Kwenye baridi atakuvulia koti lake akupe, halafu atakueleza saa nzima jinsi koti hilo lilivyo bora kuliko lako. Ugonjwa wake ni huo tu. Shoka lake linakata kabla halijagusa kuni, kahawa yake inaamsha wafu, na gari lake, basi tena, tukianza habari ya gari lake tutalala hapa.

Na gari ndiyo habari yenyewe.

Vuli iliyopita alinunua gari jipya jeusi, pana, refu la kimo, lenye uso wa mtu aliyeamka vibaya. Gari hilo hutengenezwa kwa namna mbili, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua lipi ni lipi. Namna ya kwanza, magurudumu yote manne yanavuta. Namna ya pili yanavuta mawili ya mbele, na yale ya nyuma yanafuata tu yakiangalia mandhari. Ile namna ya kwanza ilikuwa na foleni ya kusubiri hadi kiangazi. Asgaut na kusubiri hawajawahi kujuana. Akachukua ya pili.

Kisha akaagiza nembo ya chuma inayong'aa, ya kutangaza kwamba magurudumu yanavuta yote manne. Mimi nilimkuta gerejini akiibandika kwenye mlango wa nyuma wa gari, amepiga magoti, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

“Shemeji,” aliniambia bila kugeuka, “hukuona kitu.”

“Sikuona nini?”

“Hicho hicho.”

Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa Ragnfrid. Nikaapa. Nilikuwa nimekuja kuazima ngazi yake, na mtu anayeazima hana sauti.

Sasa, kila vuli sisi wenye vibanda vya mapumziko mlimani hukutana kuzungumzia barabara yetu. Mkutano huo ni mkubwa kuliko uchaguzi wa nchi, maana kwenye uchaguzi wa nchi watu hawagongi meza. Mwenyekiti ni Solbjørg, daktari wa meno mstaafu, ambaye mpaka leo ukisema naye hakutazami machoni, anakutazama mdomoni. Hoja ya vuli hiyo ilikuwa mchanga. Je, tuendelee kumwaga mchanga kwenye Galtebakken, ule mteremko mkali wa mwisho kabla ya vibanda, wakati mchanga wenyewe unakwaruza skii za watoto?

Asgaut akasimama. Alitulia kwanza, ili tumwone.

“Jamani,” alisema, “mchanga ni wa wanyonge. Siku hizi nani anakuja milimani na gari la kuvuta magurudumu mawili? Huyo ni sawa na anayekuja harusini na kandambili.”

Watu wakacheka, wakapiga kura, mchanga ukafutwa. Mimi niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Pasaka ikafika. Pasaka kwetu ni skii, machungwa na kuungua pua kwa jua. Siku ya Jumamosi watoto wanashindana skii pale juu, mbele ya vibanda, na baada ya mashindano Skardlia nzima inakunywa supu ya kondoo ya mama yangu, Gudveig. Mama huipikia shambani kwake, chini bondeni, kwa sababu jiko lake ndilo pekee linalomudu sufuria yake kubwa. Miaka yote supu huvutwa na pikipiki ya theluji ya Solbjørg. Mwaka huu mkanda wa pikipiki ulikatika asubuhi ileile ya Jumamosi.

Solbjørg akatukusanya uwanjani.

“Sikilizeni,” alisema. “Mvua ya juzi imekuwa barafu, na juu ya barafu kuna theluji ya jana. Galtebakken ni kioo. Mchanga hatuna, mnajua kwa nini. Nani atatuletea supu?”

Vichwa vyote vikageuka kumtazama Asgaut, polepole, kwa heshima.

“Mimi?” alisema.

“Si wewe mwenye nne?”

Huu ulikuwa msaragambo, kazi ya wote kwa faida ya wote, na msaragambo kwetu haukataliwi. Mtu anaweza kukataa dini, akakataa chama, akakataa hata mkwe aliyeletewa, tutamwelewa. Lakini ukikataa msaragambo hata mbwa wako hatasalimiwa. Bado njia moja ilikuwepo. Angesema ukweli pale pale, maneno machache tu, aibu ya robo saa, yakaisha. Nilimkazia macho ili ayaseme.

“Kama ni supu tu,” alisema, “nipeni na kuni nibebe.”

Tukashuka, yeye na mimi. Mimi nilipewa kazi ya kushika sufuria. Kushuka kulikwenda vizuri sana, ila kushuka si kazi, hata sinia linashuka. Asgaut alipiga mluzi njia nzima. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kuutazama ule mteremko, na kila nilipoutazama ulikuwa umerefuka.

Mama alikuwa anatungoja uani na kofia yake nyekundu ya kufuma. Tulipakia kuni, kisha tukaiweka sufuria kwenye buti, tukaifunga kamba na kuizungushia mablanketi. Mama akaketi nyuma pamoja nami, akalizunguka gari kwa macho, kimyakimya, kama anayechagua tikiti sokoni.

“Minyororo ya tairi unayo, mwanangu?” alimuuliza Asgaut.

“Mama, minyororo ni ya wafungwa. Gari hili liko huru.”

“Haya.”

Tulipofika chini ya Galtebakken, Asgaut akasimamisha gari, akavuta pumzi. Pale juu, kwenye ukingo, tuliona vichwa vimepangana. Walikuwa wote, watu wazima na watoto wenye namba vifuani, na mke wake mwenyewe Ragnfrid katikati yao, naye akiamini kabisa kwamba mumewe ana magurudumu manne. Supu ikikwama hapa, siri inafika juu bila gari. Asgaut alilijua hilo, nami nililijua, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Alikanyaga mafuta. Gari likaruka mbele kwa kelele, likapanda, likapanda, likafika kama katikati, kisha kelele zikaendelea lakini mandhari ikasimama. Halafu mandhari ikaanza kwenda mbele. Tulikuwa tunashuka kinyumenyume, taratibu, kwa adabu, mpaka tukarudi palepale tulipoanzia.

“Nilikuwa napima breki,” alisema Asgaut.

“Zinafanya kazi?” aliuliza mama.

“Sana.”

Mara ya pili alianzia mbali zaidi ili tupate kasi. Tulipata kasi. Tulipata pia ukuta wa theluji upande wa kulia, ukatukumbatia, ukatuachia, na tukashuka tena, safari hii upande upande. Supu nyuma ikasema chubwi. Niligeuka nikaikumbatia ile sufuria juu ya mgongo wa kiti, kama mtoto mgonjwa.

“Sasa?” nilimuuliza.

“Kompyuta ya gari inajifunza barabara,” alisema. “Magari ya siku hizi lazima yajifunze.”

“Limejifunza nini mpaka sasa?”

“Shemeji, shika supu.”

Simu ikalia. Alikuwa Solbjørg, na sauti yake ikajaa gari zima.

“Asgaut, tunawaona kwa darubini. Mbona mnapanda halafu mnashuka?”

“Namwonyesha mama mkwe mandhari.”

“Mandhari ya wapi? Amezaliwa hapo.”

“Basi anakumbuka utoto,” alisema Asgaut, akakata simu.

Niligeuka nikamtazama mama kando yangu. Alikuwa amemenya chungwa, anakula kipande kimojakimoja, uso mtulivu kabisa.

Mara ya tatu Asgaut alitumia akili, na hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma. Gari linapovutwa na magurudumu ya mbele unalitilia uzito mbele ili yapate kushika. Hilo halina shida. Shida ni kwamba yeye hakuweza kusema kwamba ndicho anachofanya.

“Mama, hamia kiti cha mbele,” alisema.

“Huku nyuma kuna nini?”

“Mbele kuna joto.”

Mama akahamia mbele.

“Na zile kuni, shemeji, ziweke miguuni kwa mama.”

“Zinasikia baridi nazo?” nikamuuliza.

“Wewe panda juu ya boneti.”

“Mimi?”

“Ukae pale unionyeshe njia. Jua linanipiga machoni.”

Jua lilikuwa nyuma yetu. Nilipanda juu ya boneti nikashika vifuta-kioo, makalio yangu kwenye bati la baridi, uso kwa uso na shemeji yangu. Gari likaondoka. Tulipanda zaidi ya mara zote. Nilianza kuamini. Kisha chini yangu nikasikia magurudumu mawili yakisaga barafu kama mashine ya nafaka, theluji ikaruka ikanijaa shingoni, na nyuma ya kioo nikaona midomo ya Asgaut ikisali. Tukashuka. Kule juu kulisikika sauti ya watu wengi wakisema “Oooh” kwa pamoja, kama wanaotazama mpira.

Tulipofika chini nilishuka kwenye boneti nikaenda dirishani kwake. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

“Mama ametupisha kidogo,” nilisema, maana mama alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, amekwenda kando kutazama nyayo za sungura. “Mwambie Solbjørg ukweli, ndugu yangu. Supu inapoa.”

“Ragnfrid yuko pale juu,” alisema bila kuinua kichwa. “Nimemwambia nne. Nimewaambia wote nne. Nimefuta mchanga kwa ajili ya hizo nne.”

“Kwa hiyo?”

Asgaut akainuka, akafuta kioo kwa mkono, akautazama mteremko kwa jicho ambalo sijawahi kumwona nalo, jicho la mtu asiyetazamwa.

“Baba yangu alikuwa na gari la kusambazia mikate,” alisema. “Lilivuta kwa mbele, kama hili. Vilima vya huku tulikuwa tunavipanda kwa rivasi. Ukigeuza gari, yale yanayovuta ndiyo yanabaki chini, na uzito wote unayalalia. Tulikuwa hatushindwi hata siku moja.”

Nilimkodolea macho.

“Unalijua hilo tangu utotoni?”

“Tangu utotoni.”

“Na mimi umenipandisha juu ya boneti?”

“Shemeji,” alisema kwa uchungu, “gari la magurudumu manne halipandi mlima kwa makalio.”

Lakini supu ilikuwa inapoa, na watoto kule juu walikuwa wameanza kugonga vijiko kwenye mabakuli, tunawasikia. Mama akarudi, akaingia mbele, akafunga mkanda, nami nikarudi nyuma kwenye sufuria yangu. Asgaut akaligeuza gari, mgongo wake ukaelekea Galtebakken na uso wake ukaelekea bondeni. Akaweka rivasi.

Hapa nitasema haki yake, maana nimemsema vya kutosha. Alilipandisha lile gari kama fundi. Hakukanyaga mafuta kwa pupa. Alianza pole, akaacha liende mwendo mmoja, mkono mmoja kwenye usukani, shingo imegeuka nyuma, hagusi breki, hasiti, hasemi. Pale kwenye kona, ambapo tulikuwa tumekumbatiwa na theluji, gari lilitingisha mkia kidogo. Akaliachia, likajinyoosha lenyewe. Magurudumu yaling'ata barafu. Miti ikapita mmojammoja. Nilikuwa nimeshika sufuria, na nakiri nilimwonea fahari. Mtu aliyekuwa anaendesha lile gari nilikuwa sijawahi kukutana naye, na nilimpenda kuliko yule mwingine.

Tukafika. Buti kwanza.

Kelele iliyopigwa hapo juu ilitikisa theluji kwenye mapaa. Watoto waliruka. Ragnfrid alimkumbatia mumewe kabla hajatoka garini vizuri. Wanaume wakalizunguka gari, wakainama, wakalitazama chini ya tumbo kwa hekima, ingawa hakuna aliyejua anatafuta nini.

“Rivasi,” alisema mmoja, akitikisa kichwa. “Galtebakken kwa rivasi.”

Pale pale nilimwona yule dereva niliyempenda akiondoka, na Asgaut wetu akirudi. Kifua kikapanda. Kidevu kikafuata.

“Kupanda na uso mbele kila mtu anaweza,” alisema. “Ukiwa na nne, unachagua. Leo niliona niwape watoto kitu cha kukumbuka.”

“Na zile mara tatu ulizoshuka?” aliuliza Solbjørg, macho mdomoni mwake.

“Nilikuwa nasafisha njia.”

Supu ikagawiwa. Ilikuwa ya moto wa wastani na ilikuwa imepungua kidogo, ila hakuna aliyelalamika. Asgaut alisimama katikati ya uwanja na bakuli lake, akieleza habari ya nguvu ya injini kwa watu waliokuwa wanatafuna. Kadiri alivyoeleza ndivyo mlima ulivyozidi kuwa mkali. Alikuwa ameshaufikisha wima kabisa wakati mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye ngozi ya kondoo juu ya benchi, alipomwita.

“Asgaut, mwanangu.”

“Naam, mama.”

“Nimesahau mkoba wangu. Nimeuacha pale chini, niliposhuka kutazama nyayo za sungura.”

Asgaut akaacha kutafuna.

“Una nini ndani, mama?”

“Miwani, funguo za nyumba, vitu vyangu. Shuka mara moja unichukulie.” Akanywa supu kijiko kimoja. “Lakini sasa urudi na uso mbele. Hawa watu wamekuona mgongo tu.”

“Ndiyo, uso mbele,” watu walisema. Watoto wakakimbilia ukingoni kushika nafasi nzuri. Mtu akaipangusa darubini.

Nilimtazama mama. Alikuwa anapuliza supu.

“Nitakwenda kwa miguu,” alisema Asgaut. “Mwili unahitaji mazoezi.”

“Mteremko wote ule?” aliuliza Ragnfrid. “Na gari liko hapo?”

“Gari linapumzika.”

“Gari jipya linachoka?” aliuliza Solbjørg.

“Magurudumu yamechoka.”

“Yote manne?”

Asgaut akafungua mdomo, na Solbjørg akamtazama humo kama anayeona jino la kung'oa. Shemeji yangu aliutazama mteremko, akamtazama mkewe, akalitazama bakuli lake, na niliona kabisa ndani yake kitu kikichoka kubeba mzigo.

“Mawili,” alisema.

“Na mawili mengine?”

“Mawili mengine,” alisema polepole, “hayajafanya kazi tangu ninunue gari.”

Ragnfrid akaketi kwenye theluji, puu, akicheka mpaka kofia ikamdondoka, na Skardlia nzima ikamfuata. Wanaume waliokuwa wameinama kutazama chini ya gari walicheka zaidi ya wote, ili wasiulizwe walikuwa wameona nini. Asgaut alisimama mwekundu mpaka masikioni. Halafu, kwa mshangao wangu, naye akaanza kutabasamu, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

“Usijali, mwanangu,” alisema mama, akampigapiga mgongoni. “Hata marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Nusu ilivuta, nusu ilikuwa pambo. Na mahali pa kufika tulifika.”

Huyo marehemu ni baba yangu, lakini sikupata nafasi ya kumtetea, maana watu walikuwa wanacheka upya. Niliweka bakuli chini, nikavaa glavu.

“Basi, mama, nishuke mimi nikakuletee mkoba.”

Mama akaninyooshea bakuli lake tupu.

“Mkoba gani?” alisema. “Umeniona na mkoba tangu lini? Niongezee nyama.”